Kifungo cha Juu cha Koti Lako

Kitengela, Agosti 2004

Kwako ndugu yangu Wambua,

Tangu nitoke nyumbani Makueni ni miezi saba. Tangu utoke wewe ni mwaka wa nane, na sijui mahali pa kukutumia barua hii. Lakini naandika kwa sababu koti lako la ngozi limekwisha kushonwa, na nimelivaa.

Unajua lilivyo zito. Ulilinunua kwenye mitumba ya Kajiado siku zile ulipokuwa ukipakia ng'ombe kwenye malori. Kola pana, mifuko mikubwa iliyoshonewa juu, mtindo wa watu wa zamani. Muuzaji alikuapia kwamba lilikuwa la rubani wa vita vya Wazungu. Ulikuja nalo nyumbani ukatembea nalo nje katika jua la mchana, jasho likikutiririka, na nilipokucheka ukasema, "Rubani hasikii joto, wewe mtoto."

Halafu ukasikia kuna kazi ya kuchuma nyanya Loitokitok, ukaliacha juu ya kiti cha Mama. "Huko ni Umaasaini, jua tupu," ulisema. "Nikilihitaji nitalijia." Hakuna kati yetu aliyejua kwamba Loitokitok iko chini ya mlima wenye theluji. Nilipokwenda kukutafuta, baridi ya asubuhi ilinitetemesha mpaka nikashindwa kushika kikombe, na mtu wa kwanza niliyemuuliza habari zako alikuwa amevaa makoti mawili. Niliporudi bila wewe nilimweleza Mama habari ya ile baridi, naye hakulia. Alisema, "Basi akisikia baridi atalijia." Akalitundika nyuma ya mlango, na hapo lilikaa miaka yote. Kila nilipofunga ule mlango nilikuona umesimama.

Unakumbuka Mama alivyofanya na nguo za waliokufa. Kabla koti la babu halijapewa mtu, alikaa nje na wembe akakata vifungo vyote, akavitia kwenye mkebe wa kakao. La baba pia. "Hapa ndipo mkono wa mwenyewe uliposhika kila siku," alisema. "Anayelichukua aweke vyake." Sisi tulimwaga mkebe ule chini tukacheza, wewe ukinipima. Hiki cha nani? Cha babu. Na hiki? Cha shangazi. Wewe hukuogopa. Mimi niliosha mikono baadaye, bila kukuambia.

Januari nilipokuwa nikiondoka, Mama alinipa gunia lililofungwa kwa kamba. "Kitengela kuna upepo," alisema, basi. Nilipolifungua huku nilikuta koti lako, na vifungo vimekatwa. Nilikaa chini. Nilielewa alichokuwa akiniambia. Kisha nikaona kimebaki kimoja, cha juu kabisa, kwenye kola. Nilidhani amekisahau, maana macho yake si yale ya zamani. Nikakivuta. Hakikulegea hata kidogo. Kilikuwa kimeshonwa upya kwa uzi mpya mweusi, sindano imepita hapo mara nyingi kuliko ilivyohitajika.

Sikumpigia simu. Simu ni ya jirani, na jambo kama hilo haliulizwi jirani akiwa ameketi hapo.

Basi nikawa naenda mjengoni kubeba mawe na koti liko wazi, nalishika kifuani kwa mkono mmoja. Baridi ya Julai iliponishinda nikalipeleka kwa Mama Njeri, ambaye hushona viti vya sofa na maturubai ya malori. Alilipima uzito mikononi.

"Hii umevua ng'ombe leo?"

Nikamwambia nataka zipu, upepo usipite kabisa.

"Zipu naweza kuweka. Lakini sikiza, ngozi si kitambaa. Nikidunga mahali, hiyo tundu inabaki. Zipu ni kudunga kutoka juu mpaka chini, pande zote mbili, na hiki kifungo kimoja lazima kitoke."

"Na vifungo vya chuma, vya kubonyeza?"

"Hizo pia ni kutoboa. Na vile hii ni nene, ukiinama kuchukua jiwe zinajifungua. Kama ni mimi, ningerudisha vifungo kwa tundu zile za zamani. Kila kifungo nikiwekee kingine kidogo kwa ndani, ngozi isiraruke. Lakini vifanane. Hiki nitoe?"

Mkasi wake ulikuwa umeshafika kwenye uzi.

"Acha," nikasema.

"Kwani ni cha dhahabu?"

"Ni cha ndugu yangu."

"Na yeye hawezi kukupatia hizo zingine?"

Nikakifunika kifungo kwa kiganja. Akaweka mkasi chini, akanitazama. "Enda Kajiado," alisema kwa sauti nyingine. "Kuna mzee anatengeneza vifungo vya pembe. Plastiki itavunjika kwa ngozi kama hii."

Nilikwenda siku ya soko la ng'ombe. Nilikuwa nimeinama kwenye meza ya yule mzee nikichagua, koti mgongoni, mtu akaita nyuma yangu, "Wambua! Sopa! Ulipotelea wapi?"

Niligeuka nikutafute. Haikunijia kabisa kwamba anayeitwa ni mimi.

Alikuwa Mmaasai mmoja mtu mzima, mchuuzi wa ng'ombe, akinisalimia kwa lugha yao. Aliponiona uso, mkono aliokuwa ameunyoosha ukashuka. "Pole. Nimejua koti, sijajua mtu. Wewe ni nani yake?"

"Mdogo wake."

"Yeye yuko?"

Nakwambia wewe wazi kwa sababu siwezi kumwambia Mama. Naamini ulikufa, Wambua. Naamini ilikuwa mwaka ule ule, na kwamba ulizikwa na watu wasiojua jina lako. Hilo ndilo jibu nililokuwa nalo. Lakini mkono wangu ulikuwa umeshika kile kifungo cha juu, na nikajisikia nikisema, "Alienda kazi."

"Mwambie ng'ombe zinamngoja," alisema. "Hakuna mwingine alikuwa anazipandisha kwa lori bila fimbo."

Sikujua hilo juu yako.

Nilichagua vya pembe nyeusi, vipana, vyenye matundu manne. Havifanani na chako, ambacho ni cha kahawia. Mama Njeri alivishona kwenye matundu ya zamani, akakiachia kila kimoja shingo ya uzi ili ngozi nene ipate nafasi chini yake. Alipomaliza alinifunga kimoja kimoja kama mtoto anayepelekwa shule, mpaka akafika kwenye kola.

"Na hiki?"

"Hicho kiache."

"Upepo utaingia hapo."

"Wacha uingie."

Na kweli unaingia. Asubuhi nikipanda mbao za mjengo na jiwe begani, huja hapo shingoni kama mtu anayepumua karibu. Sigeuki tena. Vile vingine vimeanza kung'aa kwa mikono yangu. Chako sijakigusa tangu Kajiado.

Msimamizi amesema kazi itafungwa katikati ya Desemba. Wiki moja kabla ya Krismasi nitakuwa nyumbani, na nitaingia nimelivaa hata jua likiwa kali namna gani. Mama atatazama shingoni kabla ya kunitazama uso. Wewe ukitangulia kufika, usipolikuta nyuma ya mlango, usiondoke. Mwambie akuwekee chai, ukae. Liko njiani.

Ni mimi mdogo wako.