Mkono Usiovimba

Jumatatu, 8 Julai 1996
Sikufundisha leo. Nimempeleka Lidia zahanati, mimi na yeye tukachomwa sindano ya kipimo cha TB. Baba yake, Hyasinti, ana mwezi wa tatu kwenye dawa za kifua. Mwaka mzima alikohoa, tukilala naye chumba kimoja. Nilisema ni vumbi la kahawa – tangu kampuni binafsi ziruhusiwe kununua, anashinda kule milimani Mbuji kwenye magunia. Vumbi! Na mimi ndiye mwalimu wa sayansi.

Tabibu Tarsisi alichoma juu juu tu, kwenye ngozi. Alisema ndani hamna vijidudu, ni protini zao. Mwili uliowahi kukutana navyo utazitambua, utatuma askari, na hapo patavimba. Tusikune. Tusipake kitu. Turudi Alhamisi.

Jumanne, 9 Julai
Mkono wa Lidia umeinuka palipochomwa. Wangu bado. Wifi Notburga, aliyeshuka huku Lundo kumuuguza kaka yake, anaamini mtoto kawekewa sumu. Nikiwa shuleni kamkanda kwa maji ya moto na majani ya mpera ili uvimbe ushuke. Nimekasirika, nikamgombeza. Akanijibu kwamba sisi walimu tunasoma mpaka hatuoni mtoto anaumia.

Jumatano, 10 Julai
Darasa la sita – kinga ya mwili. Ndivyo ratiba ilivyosema, sikupanga. Nilichora seli nyeupe ubaoni. Protini ngeni ikiigusa, inaitambua, inaita wenzake. Glorious akauliza, je, wenzake wakiwa wameisha? Nikamwambia hawaishi, mwili hutengeneza wengine. Kengele ikalia.

Alhamisi, 11 Julai
Tabibu alipima kwa rula ya plastiki. Lidia milimita kumi na saba. Ameambukizwa, ila hana homa wala kikohozi. Atapigwa picha ya kifua Mbinga.

Mimi sifuri.

Alipapasa mara mbili, polepole. Akauliza habari za uzito, homa, kuharisha. Nikasema sijambo. Gauni la Pasaka linanipwaya, hilo sikulisema. Nikauliza kama sifuri si habari njema.

"Mwalimu, umekaa na kifua kile mwaka mzima. Mwili wako ulitakiwa kujibu."

Kisha akaeleza. Labda sijaambukizwa, inawezekana. Au nimeambukizwa, lakini askari wamepungua, mwili hauna wa kutuma. Kipimo hiki hakiwezi kutofautisha. Akaniandikia karatasi ya kupima damu hospitali ya misheni. Ukimwi. Yeye hakulitaja, nimeliandika mimi.

Jibu nililompa Glorious lilikuwa na kasoro. Nitamrekebishia.

Ijumaa, 12 Julai
Nimetoka shule nikakuta jumuiya nzima sebuleni. Wifi kawaita waje kushukuru – mkono wa mwalimu umetoka safi, sumu haikumpata! Wamesali rozari. Kisha wameushika mkono wangu mmoja mmoja, Mama Kunigunda akaubusu. Wifi kakaanga samaki, mbasa wa ziwani. Nimekula. Nimesema asante. Ningesema nini? Lidia kajificha chumbani na mkono wake uliovimba, anadhani ana kosa. Nimemwambia hana. Wake ndio uliojibu vizuri.

Naogopa. Niandike tu hivyo.

Walipoondoka nikampa Hyasinti karatasi. Hakuifungua. Aliutazama mkono wangu, akaupapasa palepale alipopapasa tabibu, kwa kidole kimoja, kama mtu anayejua kinachotafutwa.

"Wangu nao haukuvimba, Mama Lidia," akasema. "Aprili."

Miezi mitatu! Nikauliza kama naye alipewa karatasi kama hii. Ndiyo. Nikauliza kama alikwenda. Ndiyo.

Nikauliza walimwambia nini. Ameomba maji. Nimemletea. Kikombe kiko mkononi, hajanywa. Wifi anaosha vyombo uani, anaimba. Nimekaa mbele ya Hyasinti na daftari hili magotini, naandika ili nisimharakishe.