Nyama ya Kufunga Maneno

Mama Mkubwa,

Shikamoo. Nimeisema kwa sauti, na Mwanaidi ameinua kichwa kuangalia nani ameingia. Nimemwambia aendelee na kazi yake, mimi naongea na mtu wangu. Huyu Mwanaidi ni nani, nitakueleza. Kwanza nikupe habari za kwetu, maana uliondoka kabla mambo hayajageuka.

Tumehama. Kijiji chote sasa kiko kando ya barabara ya Sepuka, nyumba zimepangwa mstari, na tembe lako tumeliacha kule kule na paa lake la udongo. Ungeuchukia mstari huu. Ungesema ukipiga chafya ndani kwako, jirani wa tatu anakuombea afya. Lakini jambo moja ungelipenda. Kina mama wakienda shamba la kijiji, watoto wadogo wanabaki kwenye banda karibu na ofisi, na mlezi wao ni mimi. Bibi Maendeleo, yule afisa wa wilaya, alipouliza nani ana subira, watu wakanitaja. Nilicheka peke yangu, maana wewe unajua subira yangu inaishia wapi.

Mwanaidi aliletwa bandani uwele ulipokuwa umeshavunwa. Ni mtoto wa Hadija, yule aliyefiwa na mume, sasa ameolewa tena. Wakati wa uji wenzake walishika vikombe, yeye akakibana chake kati ya viganja. Nilipofungua kitambaa alichofungwa, nikaona vidole vya mkono wa kulia vimeungua. Hadija akasema ameanguka motoni. Mtoto anayeanguka motoni haungui ncha za vidole tu, Mama Mkubwa. Nilimwambia hivyo, akaanza kulia. Baba wa kambo alimkuta mtoto akidokoa siagi kwenye kibuyu, akamshika mkono akamkandamizia vidole kwenye kaa.

Nilikwenda kwa mwenyekiti wa kijiji siku ile ile. Wengine waliposikia walisema huo ni ukali tu, hata wao walilelewa hivyo na wamekuwa watu. Nilikutamani siku hiyo mpaka kifua kikauma. Nilitamani nikukute uani unapeta uwele, niketi, nisiseme kitu.

Maana nilikuwa wa umri wake ulipokuja kunitoa kwa baba mdogo, kule nilikopelekwa kulea mtoto nikawa napigwa fimbo ya ng'ombe. Hukuniuliza chochote. Ulikuwa ukikohoa kabla ya kuingia nilipo, ukisema, ni mimi, naja, ili nisishtuke. Mafuta ya mgongo uliyaweka karibu yangu, ukangoja nikuombe unipake. Ulinipa ungo mdogo tukapeta pamoja, ukinisimulia habari za kuku wako na ugomvi wao, mpaka siku moja nikajikuta nakueleza yote. Hukuacha kupeta. Ulisema tu, "Nimesikia, mwanangu. Huko hurudi tena." Nililala vizuri siku hiyo.

Basi, wazee wa ukoo wa yule baba wa kambo wakaleta mbuzi. Desturi unaijua: mbuzi anachinjwa, pande zote mbili zinakula, na aliyekula hana neno tena. Nami nikaitwa, kwa kuwa mimi ndiye niliyelifikisha jambo kwa mwenyekiti. Wakampa Mwanaidi ini. Akalila lote kwa mkono wake mzima, akasafisha na sahani. Mzee mmoja akafurahi sana.

"Mnaona," akasema, "hata mwenyewe amekula. Yamekwisha."

Sahani yangu ilikuwa mbele yangu. Hadija aliangalia chini. Nilijua nikimega tonge moja tu, mtoto huyu anarudi nyumba ile, na siku nyingine akiungua hakuna atakayekuwa na mdomo wa kusema. Nikaisukuma sahani.

"Mtoto amekula kwa sababu ana njaa, babu. Hajasamehe mtu. Na mimi sili."

Ni matusi hayo, najua. Kukataa nyama ile ni kuwatukana wote walioketi, na mwanamke mzima akafanya hivyo mbele ya wazee! Mmoja alisema nimelelewa vibaya, na hapo ndipo nilipokasirika kweli, kwa sababu aliyenilea ni wewe. Lakini mwenyekiti alikuwa bado hajala. Alikaa akiitazama sahani yake, kisha akaiweka chini. Akasema jambo hili litakwenda mahakama ya mwanzo, na mtoto asilale tena pale. Siku hiyo hiyo nikamchukua kwangu.

Hakimu alimfunga yule bwana. Jamaa zake hawanisalimii hadi leo, na kwa nyumba zilivyobanana hivi, kutosalimiwa kunachosha. Hadija amebaki kulinda mifugo ya mumewe. Huja kumwona mwanawe siku za soko. Simlaumu, lakini mtoto simpi.

Vidole vimepona. Kilichobaki ndicho kinachonishinda. Alikuwa anakula nikigeuza uso tu. Kitu kikianguka, hata kijiko, mbio mpaka nyuma ya ghala, na huko siwezi kumtoa kwa kubembeleza. Ningekuwa nawe ningekuuliza ulijuaje ni lini unishike mkono na lini uniache. Nakumbuka ulichofanya, lakini ulichokuwa unaogopa moyoni hukuniambia, na hicho ndicho ninachokitaka sasa. Je, nawe ulikuwa ukilia nikiwa sioni?

Leo asubuhi amevunja chungu chako. Kile cha maji, kitu pekee chako nilichokibeba mwenyewe kichwani tulipohama, nikakataa kisipakiwe kwenye lori. Nilisikia kishindo nikiwa jikoni. Nikatoka nikijua nitamkuta nyuma ya ghala. Nikamkuta amesimama katikati ya vigae, maji yamemlowesha miguu, anatetemeka, ananiangalia usoni.

"Mama, nimekivunja," akasema.

Akabaki pale pale. Nilikaa chini kwenye matope nikalia, naye akadhani nalilia chungu, akaanza kuniokotea vigae kimoja kimoja. Bado anaviokota ninapoandika. Ndiyo kazi niliyomwambia aendelee nayo.

Nisamehe kwa chungu, Mama Mkubwa. Pumzika huko uliko, nami niache nimsaidie, vigae vina makali. Nakuahidi atakua hapa kwangu. Na siku atakayoondoka, kwenda shule au kwa mume, ataondoka akitembea, si mbio, na atageuka kuniaga.

Mwanao,
Salome