Jenereta ya Gratien na safari ya Jumamosi

Kimanga, Uvira
Jumanne, 23 Aprili 2024

Mpendwa kaka Sévère,

Pokea salamu zetu sote. U mzima huko Lubumbashi? Wifi na watoto hawajambo? Sisi tunapumua, Mungu asifiwe, ila moyo wangu hautulii. Tangu nianze kuandika nimeinuka mara tatu kuchungulia barabara, nisije nikakutwa na barua hii.

Unajua betri ya lile gari la umeme la mdogo wetu Gratien haitoshi kwenda Katogota na kurudi. Basi amenunua jenereta ndogo. Akifika Bwegera anasimama, anaiwasha, anachaji kwa saa mbili, ndipo anaendelea. Watu wanamcheka kwamba gari lake linanyonya kama ndama. Nawe ulimsifu kwenye simu ukamwita injinia, na tangu siku hiyo hasikii la mtu.

Jumapili alikuwa anamleta Mama kutoka Katogota. Pale Bwegera mvua ikashuka. Kwa kuogopa jenereta isilowe, akaiweka garini nyuma ya viti, inanguruma, vioo vimefungwa. Yeye akajikinga barazani kwa watu, Mama akabaki ndani kwa sababu ya baridi. Aliporudi, Mama hakuitika. Walimtoa wakamlaza mvuani hadi akafumbua macho. Muuguzi amesema ni moshi, na hadi leo kichwa kinamuuma.

Nilipomkaripia alinijibu, "Dada, gari iko ya courant, ya umeme. Weye unaogopa moshi gani?" Ati Mama ni uzee tu. Nilikasirika mpaka nikalia.

Sasa Jumamosi ndiye atakayemleta bibi harusi, Divine wa shangazi, kutoka Katogota. Mvua haijaisha, na kwa gauni lile jeupe vioo vitafungwa tu. Nawe unajua desturi yetu: bibi harusi hashuki njiani, anainamisha kichwa, hasemi neno. Akizidiwa, nani atajua?

Kaka, Baba hayupo, mkubwa ni wewe. Sikukupigia simu kwa kuwa Gratien analala hapa kwangu na anasikia kila kitu. Binti yangu Blandine ataipiga picha barua hii akutumie. Mwambie jenereta ikae nje ya gari, mbali na watu, ama akodi gari lingine. Ulimwita injinia, basi mwambie pia kwamba amekosea.

Wasalimie wifi na Léopold wenu. Mama anakuombea, na Mungu awafunike kwa mkono wake.

Dada yako akupendaye,
Pudentienne

N.B. Waya wa kuchajia nimeuficha chini ya godoro la Mama. Namsikia Gratien anautafuta jikoni.