Daima, Isipokuwa Sifuri

Sagalla, Voi

Nafula, dada yangu mdogo,

Magoti yako yanaendeleaje tangu mvua ianze huko Bungoma? Huku hainyeshi, maji bado yanapanda mlima kwa bodaboda. Mimi nazidi kudhoofika. Figo zimechoka, na daktari kule Voi ameniambia nikapumzike nyumbani. Hakuandika dawa.

Juzi Wakesho, binti wa jirani aliye sekondari, alinikuta kitandani akaniletea hesabu zake. Zilihusu namba zinazoandikika kama sehemu, na zile zisizoandikika hivyo, kama kipeuo cha pili cha mbili. Nikamwonyesha kwamba ukijumlisha moja ya kila aina, jibu haliandikiki kama sehemu.

"Na nikizidisha?"

"Vilevile. Daima."

"Hata nikizidisha kwa sifuri, Mwalimu?"

Nikahesabu upya kichwani. Sifuri huandikika kama sehemu, na chochote ukikizidisha kwa sifuri unapata sifuri.

"Ama kwenu Bungoma sifuri si namba?"

Mama yake akamkemea kutoka nje: "We Wakesho! Mzee anaumwa!" Nilicheka mpaka mbavu zikauma.

Alipoondoka, kicheko kiliisha. Kwenye kujumlisha, "daima" inasimama. Kwenye kuzidisha haisimami, na mimi nimeifundisha hivyo miaka yote, kwa sababu watoto hukariri upesi kanuni isiyo na masharti. Nawe nimekufupishia vivyo hivyo. Kila uliponiuliza, nilijibu kwamba mimi ni wa kwetu daima, na nitazikwa kando ya baba. Si kweli, Nafula. Tangu tulipomzika mke wangu Mghoi hapa nyuma ya nyumba, nataka kulala kando yake. Mchungaji nimeshamwambia. Wewe nilikuogopa.

Mila zetu nazijua. Watasema Barasa amezikwa kwa wakwe kama mtu asiye na kwao, na wewe ndiwe utakayekaa kati yao ukisikia. Hilo ndilo linaloniuma kuliko figo.

Mwambie kaka yetu Wanjala, anayetunza boma la baba, asiendelee kunitengea nafasi pale. Msalimie mumeo, shemeji yangu mpole, na shangazi, ikiwa bado anatambua majina.

Safari ya kuja huku huiwezi kwa magoti hayo, najua. Basi nipigie simu. Kasirika, unitukane, ningali nasikia.

Kaka yako,
Barasa