Bhoke Ana Neno Juu Yangu

Mama,

Shikamoo. Sijui kama marehemu huamkiwa, lakini barua isiyo na salamu ungeirudisha na mstari mwekundu, kwa hiyo naanza hivyo. Sisi hatujambo, hatujambo hivyo hivyo tu. Baba bado anachemsha chai ya watu wawili. Anakunywa ya kwake, anaiangalia ya kwako mpaka inapoa, kisha anainywa nayo. Nimemwambia sukari itampanda. Ananiambia nimwache.

Miezi mitatu sasa. Jirani wa kule bondeni amepandisha ghorofa, na ule upande uliokuwa unakaa kusahihisha madaftari ukiangalia mashamba ya Ndera sasa unaangalia matofali. Kuku wako mweusi ameatamia. Siku ya msiba wanafunzi wako walikuja na sare, wakajipanga mstari bila kuambiwa na mtu, na mmoja wao, yule wa meno mawili ya mbele, akaniuliza Mwarimu atarudi muhula gani. Nilimwambia akamuulize mwalimu mwingine.

Lakini sikukaa chini kukuandikia habari za kuku. Nimechanganyikiwa, Mama, na mtu wa kunichambulia mambo ulikuwa wewe.

Jumamosi iliyopita Mama Furaha alikuja saluni. Mama Furaha wako, Mkongomani wako wa Bukavu, mliyekuwa mkitawadhana naye miguu kanisani miaka yote hii kabla ya Meza ya Bwana, wewe ukimpigia magoti yeye na yeye akikupigia wewe. Alikuja na taulo lako la bluu, limefuliwa na kupigwa pasi. Akasema Jumapili ijayo ni Meza, na anataka nikae mahali pako, nitawadhane naye. Nilicheka. Nikamwambia mimi tangu niolewe na Mkatoliki nimekuwa popo, si ndege si mnyama, huko siendi na kwetu siji. Akasema jina langu bado limo kitabuni, nilibatizwa kwa akili zangu nikiwa na miaka kumi na sita, hakuna aliyelifuta. Kisha akavuta kigoda, akakaa karibu.

"Ila kwanza uniambie. Ulikuwa na neno gani na mama yako? Mama yako iko miaka mbili hajakula Meza. Anapanga mabeseni, anachemsha maji, halafu anatoka inje kukaa na watoto. Nikamuuliza. Akaniambia, Bhoke ana neno juu yangu."

Mkononi nilikuwa nimeshika mguu wa mteja, dada mmoja tajiri wa Nyarutarama anayelipa vizuri na kulalamika vizuri. Nilimpaka rangi kidole kizima, ukucha na nyama. Hakulalamika hata. Naye alikuwa anasikiliza.

Miaka miwili, Mama! Wewe! Wewe uliyekwenda kanisani na malaria, na mvua ikinyesha, na siku ile kisigino kimepasuka ukavaa kandambili za Baba. Mara nne wenzako wanakula Meza na wewe uko nje chini ya bati unafundisha watoto kuimba, na sababu ni mimi. Na mimi mwenyewe sababu siijui. Nilimwambia Mama Furaha sina neno lolote na mama yangu. Akaliacha taulo juu ya kioo akaenda zake.

Tangu siku hiyo natafuta. Nachambua kama mchele.

Kwanza nilidhani ni ubatizo wa Elia. Ukweni walitaka abatizwe akiwa na miezi miwili, na wewe ukasema mtoto asiyejua hata kuomba maji hawezi kuomba ubatizo. Hapo nilikukasirikia, sikatai. Lakini si ulikuja? Ulisimama mlangoni mwa parokia na kitenge chako, na karamuni ukapika sufuria mbili za pilau, ukamshika mtoto mpaka akalala. Neno hilo lilikufa siku hiyo hiyo. Na Elia sasa anasoma darasa la pili, hesabu hazipatani.

Nikafikiri labda ni ile simu niliyokukatia. Labda ni pale nilipokwambia hujui maisha ya mjini, wewe uliyetuleta mjini Kigali kutoka Musoma na begi moja na mimi mgongoni nikiwa na miaka saba, mkubwa wa kutia aibu. Hapana. Hayo tuliyasema tukayamaliza.

Ndipo nikamuuliza Mama Furaha kwa simu, Meza ya mwisho uliyokula ilikuwa lini? Akasema ile ya kabla sijafungua saluni. Nikakaa chini.

Maana wiki niliyofungua saluni ulikuja. Ulipanda basi kutoka Ndera mpaka Gisimenti, ukaingia umevaa gauni la kanisani, nikakukalisha kwenye kile kiti kipya. Nikasema leo nakuosha mimi. Ukakataa, ukasema miguu ya mwalimu ina vumbi la chaki lisilotoka. Nikaivua viatu kwa nguvu. Wateja wanne walikuwepo, wote wanacheka, na mimi nikiwa na watu mdomo wangu unaujua. Nikawatolea kile kisa changu cha siku zote. Nikawaambia mnamwona mama huyu mpole? Huyu ndiye mwalimu pekee Kigali nzima aliyemfelisha mtoto wake wa kumzaa, kwa ajili ya mafundi sita!

Wakacheka. Nawe ulicheka, nakumbuka meno yako. Kisha ukaangalia miguu yako ndani ya maji, ukasema polepole:

"Hujasahau."

"Mama, ni utani tu."

"Najua ni utani."

Nikakusugua kisigino. Jumapili iliyofuata hukula Meza.

Kumbe ni hilo? Mafundi sita? Jambo la darasa la tano? Nimelisimulia kwenye harusi yangu, Mama, nimelisimulia kwa majirani, Elia analijua kama anavyojua sala. Kwamba nilikuwa na miaka kumi na mmoja, kwamba ulikuwa unaandaa mtihani wa hisabati nyumbani, kwamba nilifungua faili la kijani ulipokwenda kuteka maji. Mafundi wanne wanajenga ukuta kwa siku tisa, mafundi sita watatumia siku ngapi? Pembeni ulikuwa umeandika kwa penseli: nane. Nikaikariri nane. Nani angejua kwamba mwalimu naye hukosea, na kwamba baadaye uliifuta ukaandika sita? Darasa zima, waliopata wakapata, waliokosa wakakosa kwa njia zao, mimi peke yangu nikaandika nane, safi, bila hata hesabu ya kuonyesha nimeipataje. Hapo ndipo watu hucheka. Na mimi hucheka nao.

Wahenga walisema mzaha mzaha hutumbuka usaha. Wewe ulilisikia jipu na mimi nililokuwa nalo silijui.

Maana kuna kipande ambacho huwa sikisimulii. Tulikuwa tunatoka shuleni, mimi na wewe, njia ya mihogo. Ukaniuliza, Bhoke, ulifungua faili langu? Ningeweza kusema hapana. Hakuna aliyeniona. Lakini ulitufundisha sisi hatuapi, ndiyo yetu ni ndiyo na siyo yetu ni siyo, na inatosha. Nikasema ndiyo. Nililia, ukanifuta pua na upande wa kitenge, ukanishika mkono mpaka nyumbani. Nilijua yamekwisha. Nililala usingizi mtamu. Asubuhi yake ukanishika mkono ule ule ukanipeleka kwa mkuu wa shule, ukamweleza yote, nikafutiwa mtihani, nikarudia darasa. Wenzangu wakaenda la sita. Mimi nikakaa mwaka mzima mwingine mbele yako, ukiniita jina kwenye mahudhurio kila asubuhi, na mimi nikiitika "Nipo, Mwalimu."

Nilikuwa nimemwambia mama yangu, siyo Mwalimu.

Haya, ndilo hilo neno. Limetoka. Miaka ishirini na tatu sikulijua mpaka wiki hii nilipolichambua. Si kurudia darasa. Ni kwamba ndiyo yangu niliitoa kwa mama na wewe ukaipeleka ofisini. Nilikuchukia, Mama. Muhula mmoja, labda miwili, nilikuchukia kabisa, kisha nikaanza kuchekesha watu.

Sasa sielewi nikufanye nini. Najua usingeweza kuomba msamaha, kwa sababu uliamini ulifanya haki, na wewe hukuwa mtu wa kusema samahani ya uongo ili mambo yaishe. Kama ungemficha mwanao, ungesimamaje mbele ya watoto wa wenzako? Hata mimi nikiwa na Elia naliona hilo. Lakini pia hukuweza kwenda Mezani ukijua kuna mtu ana neno juu yako. Kwa hiyo ukakaa nje, katikati, miaka miwili. Nilipofika hapo nilikasirika upya. Nilitembea humu chumbani nikigomba na picha yako. Mwalimu mzima, andiko umelisoma nusu! Si linasema uiache sadaka yako uende kwanza ukapatane? Uende! Kwa nini hukuja kwangu? Saluni unaijua, nauli unayo, mdomo unao.

Kisha nikakumbuka Alhamisi.

Ulikuwa unakuja kila Alhamisi, Mama. Baada ya vipindi, ukishuka Gisimenti na parachichi ndani ya mfuko, ukikaa kwenye lile benchi la wanaosubiri kana kwamba na wewe ni mteja. Niliwaambia wasichana wangu mama anakuja kupumzisha miguu. Nilikuwa nakuletea soda, narudi kwa wateja. Ukikaa saa nzima hivi, ukiaga, ukienda. Na siku moja, mvua ilikuwa inaanza, ulinishika kiwiko nikiwa napita na beseni, ukasema:

"Bhoke, ule mtihani wa mafundi..."

Nikasema:

"Baadaye, Mama. Nina mtu."

Ukasema sawa. Ukapangusa miwani. Sikuikumbuka tena hiyo baadaye, na wewe hukurudia. Wiki chache mbele presha ikakuangusha jikoni.

Kwa hiyo ulikuja. Ulisoma andiko lote. Aliyesoma nusu ni mimi.

Sasa niambie, maana sijui nimuulize nani. Mchungaji nimemuuliza, akanijibu jibu zuri refu, nikatoka bila kitu. Anayekufa akiwa njiani kwenda kupatana, amepatana? Na mimi niliyebaki, nikienda Jumapili, nitakula Meza na neno hili kifuani, au nami nitoke nje nikakae na watoto? Nikisema nimekusamehe, je, si nakudanganya kwamba ulikosa? Na nikisema hukukosa, yule mtoto wa darasa la tano aliyeitika "Nipo, Mwalimu" nimwambie nini?

Nimelala na maswali haya siku sita. Leo asubuhi Baba alichemsha chai yake ya watu wawili, na kabla hajakifikia kikombe chako nilikichukua mimi, nikakinywa. Alinisogezea sukari. Ndipo nikaamua.

Sitalisimulia tena lile la mafundi sita mbele za watu. Elia nitamsimulia mara moja tu, lote, na kipande cha njia ya mihogo. Na Jumapili nitakwenda. Nitachukua taulo lako. Nitampigia magoti Mama Furaha, nimtawadhe miguu, kazi naijua hiyo, ila safari hii polepole. Nitakuwa nimefika mapema, nikae kwenye lile benchi la nje chini ya bati ulipokuwa unakaa na watoto, na sitakuwa na mteja wala beseni mkononi.

Ile baadaye niliyokuambia ndiyo hiyo, Mama. Nakusikiliza.

Lala salama.

Mwanao, na mwanafunzi wako wa miaka miwili,
Bhoke