Ngumi ya Kaka Roald

S.L.P. 41,
Tamarack Ford,
Montana.

11 Machi 2012

Dada yangu mpendwa Solveig,

Salamu nyingi zikufikie wewe, shemeji Desmond na kijana wenu Angus. Natumaini hamjambo wote na kondoo wenu huko Tasmania wamemaliza kiangazi salama. Vipi goti lako? Uliniambia daktari anataka akutilie la chuma. Usimkubalie haraka. Wifi LaVonne alikubali haraka, na mpaka leo anashuka ngazi kinyumenyume.

Mimi ni mzima. Kikohozi kimeniacha, mgongo ndio umekataa. Theluji bado imefika kwenye madirisha ya upande wa kaskazini, na wiki hii nimechimba njia ya kwenda kwenye banda la kuni mara nne. Paka wetu mzee alikufa mwezi wa kwanza. Sitaki mwingine.

Barua yako niliipata Jumanne. Niliisoma nikiwa nimesimama pale posta, nikaikunja, nikaisoma tena ndani ya gari. Ile picha aliyoiona Angus kwenye kompyuta naijua. Kaka Roald yuko juu ya pikipiki ya theluji, amenyanyua ngumi yenye glavu nyeusi, na chini yake wameandika kwamba hivi ndivyo wapanda pikipiki wanavyowatendea watu wanaopenda wanyama. Umeniuliza kama Roald siku hizi amekuwa mtu wa kutishia watu. Ungeniuliza kwa simu, ningekata. Kwa barua nitakujibu, lakini nivumilie, maana jibu lenyewe linanichoma mimi.

Wewe uliondoka ugomvi huu haujaanza. Enzi zako Baba alikuwa na pikipiki sita tu pale gereji, na mtu akitaka kuingia hifadhi ya wanyama majira ya baridi alijiendea. Sasa mji una makundi mawili ambayo hayanywi kahawa meza moja. Kuna wenye pikipiki, na kuna wanaokuja na darubini kutazama mbwa mwitu. Wa pikipiki wanawaita wenzao wapiga chabo. Wa darubini nao wanawaita wale vichwa vya petroli. Barabara ya kuingia hifadhini ni ile ile moja, na theluji imesimama ukuta kulia na kushoto.

Mimi nilifanya kazi gereji na Roald miaka ishirini na miwili. Norbert wangu alipofariki niliacha, nikafanya nyumba yangu kuwa ya kulaza watu wa darubini. Huko gereji walisema nimenunuliwa. Si kweli. Mwaka huo nilimwona nyati jike mwenye mimba akikimbizwa mbele ya pikipiki kumi na moja. Hakuwa na pa kutokea kwa sababu ya zile kuta. Alikimbia karibu maili mbili, ulimi nje, na wale watu nyuma yake wanapiga picha. Hawakuwa watu wa Roald. Roald akikuta nyati barabarani huzima injini na kungoja, hata saa nzima, na mteja akinung'unika humwambia ashuke atembee. Lakini nilichoka kutenganisha wazuri na wabaya. Nilitaka barabara ile ifungiwe pikipiki zote, na hata leo bado nataka.

Kuna jambo jingine pia, na kwa kuwa naungama, acha niungame lote. Mazishi ya Norbert yaliangukia wikiendi ya mwezi wa pili, ile wageni wanapofurika. Roald alikuja kanisani na nguo zake za kupandia pikipiki, akasimama nyuma karibu na mlango, na kabla hatujaimba wimbo wa mwisho akawa ameshaondoka kuwahi kundi lake. Nililisikia lile zipu la koti lake likipanda. Sikumwambia neno, lakini nililiweka moyoni miaka mitatu.

Sasa hiyo ngumi. Ni ishara, Solveig, na ilikuja baada yako, pikipiki zilipokuwa nyingi. Mkipishana njiani, anayeongoza huonyesha kwa vidole wako wangapi nyuma yake. Wa mwisho hunyanyua ngumi, maana yake mimi ndiye wa mwisho, nyuma yangu hakuna mtu, piteni kwa amani. Hapa hata mtoto wa chekechea anaijua. Mimi mwenyewe niliwafundisha wateja uani kwa Baba, kundi baada ya kundi, na nilikuwa nawatania kwamba asiyejua kukunja ngumi arudi kwao.

Mwaka jana mwezi wa pili wageni wangu kumi na wanne walikuwa wamesimama kwenye kona ya mtoni, miguu ya darubini zao imekula nusu ya barabara. Ng'ambo ya mto mbwa mwitu saba walikuwa wanakula mzoga wa kulungu. Nilikuwapo, nimewapelekea kahawa. Zikaja pikipiki tano. Mbele alikuwa Britta, binti wa Roald, amepunguza mwendo mpaka wa mtu anayetembea, ananyoosha vidole vinne. Roald alikaa mkiani kwa sababu mmoja wa wateja wake alikuwa mwoga. Hata hivyo injini ni injini. Wale mbwa mwitu waliinua vichwa, wakaingia msituni, mmoja mmoja, mpaka wakaisha.

Nilikuwa na mgeni mmoja, Bi. Crandall, mwalimu mstaafu, ambaye alikuwa amewangojea wanyama hao siku tatu kwenye baridi ya kuvunja meno. Alilia. Mumewe alikuwa anapiga picha zile pikipiki kwa hasira, na hapo ndipo Roald akapita na ngumi yake juu.

Bi. Crandall akanishika mkono. "Umeona? Umeona anavyotutishia?"

Nikasema, "Mwache tu huyo, mjinga."

Ni hayo tu niliyosema. Ningeweza kumweleza kwa maneno sita, lakini nami nilikuwa na hasira, na kahawa ilikuwa inapoa. Nilipofika nyumbani picha ilikuwa imeshaanza kuzunguka.

Mwezi uliofuata wakubwa wa hifadhi waliitisha mkutano wa maoni kwenye ukumbi wa michezo wa shule. Unaikumbuka ile desturi yetu ya supu ya nyama na maharage pamoja na mkate wa mdalasini? Bado ipo. Tulikula kwanza, wa pikipiki upande wa lango la magharibi, wa darubini upande wa mashariki, kisha watu wakaitwa kwa namba kwenye kipaza sauti, kila mmoja dakika tatu. Roald alikuwa anaomba kibali chake cha kuongoza wageni kiendelee. Miaka thelathini na nane kibali hicho kilikuwa kwenye familia yetu.

Bi. Crandall alikwenda na ile picha imekuzwa kama mlango. Akasema, "Sisi ni wazee. Tulikuwa tumesimama tu na darubini zetu. Mtu huyu alitunyanyulia ngumi."

Upande wa pikipiki wote ukaangua kicheko. Walidhani anajifanya. Haikuwaingia akilini kwamba kuna binadamu anayeingia barabara ile bila kujua ngumi ni nini. Mmoja akapaza sauti toka nyuma, "Mama, hiyo si ngumi, hiyo ni hesabu!" Wakacheka zaidi. Bi. Crandall akaishusha ile picha. Wale wakubwa pale mezani, ambao nao ni wa kuja, wakawa wanaandika. Hakuna hata mmoja wetu aliyesimama kueleza, kwa sababu kila mmoja aliona ni kama kueleza mlango unafunguliwaje.

Roald peke yake hakucheka. Yeye ndiye aliyekuwa ameanza kuelewa. Ilipofika zamu yake alisema, "Nikieleza mimi mtasema najitetea. Humu ndani yumo mtu aliyewafundisha watu wengi ishara ile kuliko mimi, na siku ile alikuwapo. Sina zaidi." Akatazama upande wetu. Hakunitaja jina. Katika dakika zake tatu hakutumia hata nusu ya moja.

Mimi nilikuwa namba thelathini na moja. Nilikwenda pale mbele, na Roald ameinama na viwiko juu ya magoti anasikiliza. Nikazungumza juu ya nyati. Nilieleza habari za yule jike, mimba yake, ulimi wake, zile maili mbili. Kila neno lilikuwa kweli. Watu wangu walipiga makofi, na wengine walilia. Kadi ya njano ikainuliwa, muda umekwisha, nikarudi kukaa. Bi. Crandall akanikumbatia. Nilipogeuka kumtafuta Roald, kiti chake kilikuwa kitupu.

Mwezi wa kumi wakamwandikia kwamba kibali hakiendelei, kwa sababu ya mwenendo wa kutisha wageni. Basi ndiyo ikawa mwisho. Pikipiki amemuuzia mtu wa Idaho. Britta amehamia Boise, anafanya kazi duka la matairi, yeye ambaye tangu ana miaka kumi na sita hajui majira ya baridi bila kuongoza msafara. Na nafasi za Roald za kuingiza pikipiki hifadhini unadhani zimefutwa? Amepewa tajiri mmoja wa mjini, ambaye viongozi wake hubadilika kila mwezi na hawazimii nyati injini. Barabarani hakujapungua hata moshi wa pikipiki moja. Hicho ndicho nilichopata kwa kunyamaza kwangu.

Jumapili iliyopita niliandika barua ya kupeleka gazetini. Nilieleza ngumi ni nini, na kwamba nilijua, na kwamba nilinyamaza. Nikaona si haki Roald aisome gazetini, nikampelekea. Nilimkuta gerejini, pote patupu, anatengeneza mashine ya kufulia ya jirani.

"Umekuja kutazama?" akasema. "Darubini umeiacha wapi?"

"Nimekuletea kitu usome."

Alijifuta mikono, akasoma polepole, akarudi juu akasoma tena. Kisha akaniuliza, "Mwezi huu una wageni wangapi?"

"Kumi na mmoja."

"Wakisoma hii watabaki wangapi?"

Nikaanza kuwahesabu kichwani.

"Basi irudishe mfukoni. Katika ukoo wetu wa Tveit, mmoja asiye na kazi anatosha."

"Kwa hiyo umenisamehe?"

"Sijasema hivyo, Arlys. Nimesema irudishe mfukoni."

Akashika bisibisi yake akaendelea na kazi. LaVonne akatoka jikoni na kahawa. Alileta kikombe kimoja. Solveig, wewe umelelewa nyumba ile kama mimi. Hata mtoza kodi alikuwa hapiti pale bila kahawa na mkate wa viazi wa Mama. Nilisimama kidogo, nikaaga, nikaondoka.

Kwa hiyo nikujibu ulichouliza. Roald hajamtishia mtu. Yeyote atakayekuonyesha picha hiyo huko Tasmania, mwambie maana yake, na Angus naye awaambie wenzake. Huku kwetu sijamwambia mtu. Ile barua ya gazetini sikuipeleka. Najidai namtii Roald, lakini ukweli ni kwamba siku aliponiambia niirudishe mfukoni moyo wangu ulishukuru, na kwa hilo najichukia. Leo asubuhi Bi. Crandall amefika tena, safari hii na wajukuu wawili. Ameniletea zawadi ya skafu. Nimeivaa.

Nisalimie sana shemeji Desmond, na mwambie ile mbegu ya vitunguu ilifika. Msalimie Angus, na yule mama mkwe wako asiyetaka kuzeeka. Za kutoka upande wa Roald, LaVonne na Britta sina za kukufikishia, maana siku hizi hawanipi salamu zao kupeleka popote. Waandikie moja kwa moja.

Mungu awalinde nyote, akuponye goti lako, na siku ukihitaji mtu wa kukusemea, akukalishe karibu na mtu asiye mimi.

Ni mimi mdogo wako, nikupendaye vile vile,

Arlys