Siku Meneja Alipokosa Kazi

Mpendwa Tata,

Najua ungeshangaa binti yako kukuandikia kwa Kiswahili, lugha uliyoiweka kwa ajili ya maofisa na wachuuzi wa Keumbu. Lakini jambo lenyewe ni la ofisi, na tangu tukuzike sijapata mtu mwingine wa kumweleza.

Wiki iliyopita mkubwa wetu pale ofisi ya simu mjini Kisii alitukusanya, akatuambia mtambo mpya unakuja. Mtu atazungusha namba mwenyewe na simu iite huko anakotaka, bila kupitia kwetu sisi wasichana wa kuunganisha. Alisema hayo ni maendeleo. Moraa, tunayeketi naye bega kwa bega, akauliza maendeleo hayo yatatuacha wapi. Mkubwa akasema bado wanafikiria. Mimi, nisamehe, nilimkumbuka fahali wako.

Ulimwita Meneja kwa sababu, ulivyosema, alikula siku nzima, akafanya kazi kidogo, na kila mtu akamwogopa. Kule kwetu, Manga yote ilimjua. Watu walileta ng'ombe wao kutoka ng'ambo ya bonde ili awapandishe, na hakuna aliyeondoka bila kuketi. Wengine walikuja na kuku, wengine na mkungu wa ndizi, wengine hawakuja na kitu ila habari. Mama alipika uji wa wimbi tangu asubuhi. Sisi watoto tulizijua kesi za mipaka na mahari za watu kabla ya chifu.

Kisha likaitwa baraza. Ofisa wa mifugo alifika kwa pikipiki, nyuma amefunga chombo kilichotoa moshi wa baridi. Akaeleza kwamba sasa ng'ombe watatiwa mbegu kwa mrija, bila fahali, na ndama watakuwa wa gredi, wenye maziwa mengi. Wazee walitazama chini. Wewe ulisimama, ukavua kofia.

"Ndama huyo akizaliwa," ukauliza, "baba yake tumwite nani?"

Ofisa akajibu kwa heshima kwamba baba yupo, anatunzwa karibu na Nairobi, na ana cheti.

"Hata wetu angekuwa nacho," ukasema, "kama shule ingempokea."

Baraza zima lilicheka, nawe ukarudi nyumbani umeshinda. Ushindi huo ulidumu mpaka mtamba wa jirani yetu Ombati, yule aliyepatikana kwa mrija, alipokua akazaa. Ombati alikamua ndoo ikajaa, akaazima nyingine kwetu. Baada ya hapo watu walipungua mmoja mmoja. Hawakukukosea adabu. Walikusalimu vizuri wakipita, ila walipita. Wewe ulikaa kwenye kigoda kando ya zizi ukitazama njia, na mama akaacha kupika uji wa wageni.

Ni yeye aliyelisema, tukiwa tunakula.

"Mimi natafuta maziwa ya watoto," alikuambia. "Sitafuti ukoo."

Asubuhi ulimfunga kamba ng'ombe wetu ukamshusha mpaka barabarani, kwenye kile kizimba cha mbao ambako ofisa alisimama na pikipiki yake. Nilikufuata. Ng'ombe alipoona koti la ofisa alirusha mateke, nawe ukamshika pembe, ukamsemesha kwa Kikisii chetu mpaka akatulia. Ofisa akakushukuru, akauliza kama ungeweza kupita tena kesho, maana kulikuwa na ng'ombe wasumbufu wengine. Ulipita. Haukupita muda, wale wale waliokuwa wakija kwetu wakawa wanakukuta pale, wameketi kwenye nyasi na habari zao, wewe katikati yao.

Meneja ulimpeleka mnadani Keumbu mwenyewe, hukutaka wa kukusindikiza. Wiki hiyo mama alipika nyama, ukasema jino linakuuma. Sikuwahi kusikia umeling'oa.

Nilipopata kazi ya simu ulikuja mjini mara moja kuniona. Ulisimama mlangoni ukitazama mikono yangu ikichomeka nyaya, na sauti za watu nisiowajua zikiniita dada. Nilidhani utaniuliza mshahara. Uliniambia tu kwamba kazi hiyo unaielewa, kisha ukaenda kununua chumvi.

Siku hizi kwenye redio watu wanabishana kama mashine zitamaliza kazi zote. Mmoja anasema tutapumzika, mwingine anasema tutakufa njaa, na wote wawili, nasikia kwa sauti zao, wana kazi. Mimi sibishani. Naogopa, Tata. Wanangu wako shuleni, na chai ya mume wangu kule Gesima bado ni miche. Mkubwa amesema huenda nikahamishiwa dirisha la stempu, ambako mtu hutaka stempu, hataki maneno. Nimekubali. Ila nimemwomba, mtambo ukifika, niwe kwanza nawafundisha wateja kuzungusha namba, maana najua wengi wao wataogopa kukosea. Amesema hilo wazo si baya. Kwake hiyo ni sifa kubwa.

Ijumaa mafundi waliweka simu mbili za majaribio, moja mezani kwangu, nyingine chumba cha pili mbele ya Moraa. Mkubwa akaniambia nijaribu. Nilizungusha namba. Niliisikia ikiita upande wa pili wa ukuta, na Moraa, kwa mazoea, akaipokea na kusema, "Namba, tafadhali?"

Nikamwambia sitaki namba, ni mimi. Tukacheka. Kisha nikawa namsikia anavyopumua. Mkubwa akanipungia mkono kwamba jaribio limetosha, fundi naye akaanza kukusanya vyombo vyake. Hakuna kati yetu aliyetaka kuwa wa kwanza kuweka simu chini.

Mama ni mzima na anakusalimu. Pumzika, mzee wangu.

Ni mimi, binti yako wa pili